Pateni ya zamani haikuzwi kwa kuongeza pembeni

Jamani leo niandike tu maana nimechoka kurudia. Mteja anakuja na pateni, yani karatasi za kukatia nguo, ya gauni ya miaka ya 50, ya kampuni kama Simplicity au Butterick, ya mama yake au kainunua mtandaoni, bahasha imechakaa ila mchoro bado unavutia, kiuno kimebana sketi imemwagika, anaiweka mezani anasema fundi hii ni ndogo kwangu inchi nne, niongezee tu pembeni. Hapana, pembeni peke yake haiongezwi.

Saizi kwanza, na hapa naenda haraka. Saizi 14 ya pateni za Marekani miaka ya 40 ilikuwa kifua inchi 32, baadaye miaka ya 50 ikapanda 34, mwishoni mwa miaka ya 60 wakapanga upya ikawa 36. Kwa hiyo achana na namba, soma inchi za kifua kwenye bahasha. Na hizo ni inchi za mwili, sio za gauni, usije ukapima karatasi ukasema mbona imezidi.

Haya, turudi pembeni. Mwanamke wa kifua 38 na wa kifua 34, mabega yao mara nyingi yanapishana robo inchi tu au chini ya hapo, na shingo karibu sawa. Inchi 4 ukizigawa kwa robo nne za gauni, kila robo inapata inchi 1. Ukiibandika hiyo inchi yote kwenye mshono wa pembeni, kwapa linapanuka kwa chini, mkono hautoshi tena kwenye shimo lake, na dati za kifua, yale makunjo yanayoshonwa kulipa gauni umbo la matiti, zinabaki pale pale zilipochorwa kwa ajili ya mtu mwembamba, zinakaribiana katikati badala ya kuelekea ziwa lilipo. Gauni linavuta mbele, mteja anasema fundi kaharibu.

Mimi nanakili pateni kwenye karatasi nyingine, ile ya asili siikati kamwe, halafu nakala ndio naichana wima: mstari mmoja toka katikati ya bega kushuka kiunoni, mwingine toka kwapani, natandaza vipande. Kwenye bega nafungua kidogo sana, kwapani zaidi, kinachobaki ndio kinaenda pembeni. Nyuma hivyo hivyo, kisha mkono, kisha sketi ifuate kiuno kipya.

Ila linaloniumiza kichwa zaidi ni hili: matiti makubwa sio mwili mkubwa! Pima mara mbili, kwanza juu ya matiti tepu ipite chini kabisa ya makwapa, halafu pale kifua kilipojaa. Pateni hizi nyingi zimechorwa kwa sidiria ya kikombe B, yani tofauti ya kama inchi 2. Wewe tofauti yako ikiwa inchi 4 au 5, ukikuza pateni nzima kufuata kifua, bega litaanguka, shingo itaachia, mgongo utakuwa na kitambaa cha kutosha watu wawili. Chagua pateni kwa kipimo cha juu, kisha tufungue kipande cha mbele tu. Nawaambia watu hili wananiangalia kama nawapunja kitambaa, wakati ndilo linaloamua kama gauni litakaa au halitakaa.

Vitabu vinakupa kiasi kamili cha kushusha kwapa kwa kila saizi. Siviamini sana. Kwapa la juu, kama walivyokata zamani, linakuruhusu kuinua mkono bila gauni zima kupanda, kwa hiyo nashusha kidogo naamua mwilini. Na kukuza kukizidi saizi tatu naanza kusita kabisa, maana kola na mifuko iliyopendeza kwenye kifua 32 inaonekana midogo kwenye 44, na sina kanuni ya kuikuza, ni jicho tu. Hapo mara nyingi nashauri tuchore pateni mpya tukiiga mtindo.

Nashona kwanza gauni la majaribio kwa kitambaa rahisi cha marekani, hata uwe na haraka ya harusi. Ukija, lete bahasha yote na karatasi ya maelezo ya ndani, na uvae sidiria ile ile utakayovaa na hilo gauni.