Ganda la Improved Halikupi Kibali cha Kupandisha Presha

Nimechoka kuisikia hoja hii kwa wanaojijazia risasi wenyewe: "Ganda la .30-30 Ackley Improved limenyooka, linashika ukuta wa chemba, bolti haisukumwi sana, kwa hiyo ongeza baruti mpaka fataki zianze kulalamika." (Ganda hilo ni la .30-30 lililopanuliwa na kunyooshwa kuta; chemba ni tundu la mtutu linaloshika ganda, bolti ni kipande kinachoziba nyuma yake, na fataki ni kiwashio kidogo kwenye kitako cha ganda.) Nusu ya kwanza ya hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Nusu ya pili inaharibu bunduki.

Ukweli ni huu. P.O. Ackley, fundi bunduki wa Marekani aliyelibuni ganda hili, alitoa komeo linaloifunga bolti ya Winchester 94, bunduki ya kukokiwa kwa wenzo, yenye chemba ya .30-30 Improved, akafyatua, na ganda likabaki mahali pake. Jaribio hilo lilionyesha kwamba shaba iliyonyooka, ndani ya chemba kavu, hubeba sehemu ya msukumo. Sehemu kiasi gani kwenye bunduki yako wewe? Hakuna kitabu kinachoweza kukuambia. Msuguano huo unategemea ulaini wa chemba, unene wa shaba na kama kuna mafuta. Ukipaka chemba mafuta kuzuia kutu ukasahau kuifuta, au ukawinda kwenye mvua, ule mshiko unapungua sana na bolti inabeba mzigo. Kitu kinachoondoka kwa tone la mafuta hakiingizwi kwenye hesabu ya usalama.

Pigeni hesabu basi bila msuguano. Kitako cha .30-30 kina kipenyo cha inchi 0.422. Kwa kikomo cha SAAMI, chombo cha viwango vya risasi cha Marekani, psi 42,000 (pauni kwa inchi ya mraba), msukumo unafika zaidi kidogo ya tani mbili na nusu. Panda hadi 55,000 na unakaribia tani tatu na nusu, kwenye bolti inayofungwa kwa nyuma na kusinyaa kila risasi inapolipuka. Bolti ikirudi nyuma kidogo na ganda likiwa limeshika ukuta, shaba inavutika juu tu ya kitako. Kunja ncha ya waya mwembamba, pitisha ndani ya ganda, ukwaruze taratibu kuelekea kitako. Ukihisi mfereji, hilo ganda limekwisha. Risasi moja au mbili zaidi linaweza kukatika.

Sasa fataki, na hapa ndipo ninapokasirika. Fataki kubwa ya bunduki hutumika pia kwenye .308, ambayo kikomo chake ni psi 62,000, na mara nyingi hutoka ikiwa na kingo za mviringo zisizo na neno. Unaitazama ndani ya 94 ikuambie nini kuhusu psi 48,000? Itanyamaza. Kusubiri fataki ibapike ni kuipita mipaka ya bunduki hii kwa mbali kabla ya kupata onyo. Wenzo ukiwa mzito kufunguka, umeshachelewa: bunduki za wenzo hazina nguvu kubwa ya kung'oa ganda, na ugumu huo ni shaba iliyobana.

Kipimo kinachofaa nyumbani ni kronografu, kifaa cha kupima kasi ya risasi. Chemba ya Improved huongeza nafasi ndani ya ganda kwa kadiri ya asilimia 8 hadi 10. Kanuni ya makadirio inasema kwamba, presha ikibaki ile ile, kasi hupanda kwa robo ya asilimia hiyo. Risasi ya graini 170 (graini ni kipimo cha uzito) inayokwenda futi 2,200 kwa sekunde itaongeza futi 50 hivi. Sikiliza vizuri: hamsini. Anayejisifia futi 250 anazipata kwa presha, si kwa umbo la ganda.

Kwa hiyo anza na kiasi cha kuanzia cha .30-30 ya kawaida kwa baruti na risasi ile ile, panda kwa graini 0.3, na simama pale kasi inapozidi ile ya kitabu cha kujazia risasi kwa futi 50. Angalia pia mtutu. Kama kitabu kilipimia mtutu wa inchi 24 na wako ni wa 20, toa kwanza futi 60 hadi 80 kwenye kasi ya kitabu. Kanuni hii ni ya kukadiria, nami siiamini hadi futi ya mwisho. Ndiyo maana ninasimama mapema. Data nyingi za zamani za maganda haya hazikupimwa presha kabisa, hata zikichapwa kwa herufi nzito.

Risasi ziwe za ncha bapa au ncha laini iliyotengenezwa kwa magazini ya bomba, ambamo risasi hupangwa moja nyuma ya nyingine, na mdomo wa ganda ukazwe kwenye mfereji uliochongwa ubavuni mwa risasi. Usipokazwa, teke la bunduki na springi ya magazini husukuma risasi ndani ya ganda, nafasi ya baruti inapungua, na kikomo ulichokipata kwa uangalifu kinapitwa ndani ya magazini. Pima urefu wote, pamoja na ganda, wa risasi ya mwisho kwenye bomba baada ya kufyatua zilizotangulia.