Riwaya ya kwanza si insha

Miswada ya riwaya za kwanza inayonifikia hapa Kisumu ina ugonjwa mmoja unaojirudia, na chanzo chake ni darasani. Mwandishi amefunzwa insha tangu shule ya msingi: methali aya ya kwanza, jua linachomoza kwa madaha aya ya pili, nahau kila mstari. Alama alizipata. Sasa ameketi kuandika riwaya, na bado anamwandikia mtahini.

Simlaumu, kwa sababu insha ndiyo iliyompa msamiati. Ila mapambo yanayopendeza katika kurasa mbili yanamchosha msomaji kufikia ukurasa wa ishirini.

Chukua mhusika anayeuza omena, dagaa wa Ziwa Victoria, kwa gorogoro, yaani kopo la kupimia, katika soko la Kibuye hapa Kisumu, naye anamdai mteja. Rasimu ya kwanza humsemesha hivi:

“Ewe mteja wangu mpendwa, nimekuvumilia vya kutosha. Elewa kwamba dawa ya deni ni kulipa!”

Hakuna mama wa Kibuye anayedai pesa zake namna hiyo. Rasimu ya tatu au ya nne huenda ikafika hapa:

“Gorogoro mbili za Jumapili, Mama Atieno.”
“Nitalipa Jumamosi.”
“Hata juzi ulisema Jumamosi.” Akazifunika omena kwa gunia.

Gunia limemaliza maneno. Tunajua nani amechoka, na tunajua leo hakuna kukopeshwa. Methali yenyewe si adui. Kijana akimwomba babake ruhusa ya kuuza shamba, na mzee akamjibu kwa methali, hapo mzee anakwepa kusema ndiyo au la. Methali ya aina hiyo naiacha ibaki, tena naipenda.

Halafu kuna suala la lugha zetu. Wahusika wanazungumza Kijaluo au Kiluhya nyumbani, Sheng kwenye matatu, Kiingereza ofisini, na wewe unaandika riwaya ya Kiswahili. Mimi hushauri masimulizi yawe sanifu, mazungumzo yalegezwe. Bibi akisema “ero kamano” baada ya kupokea chai, usitafsiri. Kikombe kimeshaeleza.

Kuhusu muda, piga hesabu mapema. Maneno 300 kwa siku, siku tano kwa wiki, yanakupa maneno 50,000 baada ya wiki 33 au 34. Hiyo ni rasimu ya kwanza tu. Iweke kando hadi uanze kuisahau, kisha isome kwa sauti, sura nzima kwa mkupuo mmoja. Sikio hukamata uongo ambao jicho limeuzoea.

Baadaye mpe sura husika mtu anayeijua kazi unayoieleza. Watu wengi huruka hatua hii, nami huisisitiza kuliko zote. Ukiandika kwamba mashua zinashusha omena ufuoni Dunga, hapa Kisumu, mwezi wa Mei, mvuvi atakusimamisha papo hapo: uvuvi wa omena hufungwa Aprili hadi Julai. Kosa kama hilo linaweza kukufungulia njia. Mhusika wako anayevua Mei sasa anavunja sheria, na sura iliyokuwa imelala inapata hofu na sababu ya kwenda ziwani usiku.

Mswada ukikamilika, ugonjwa ule wa insha hurudi kwa mlango mwingine. Wachapishaji wengi wa Kenya hutegemea soko la shule, na mwandishi huota riwaya yake iteuliwe kutahiniwa. Basi anaanza kurudisha methali alizozitoa, anawafanya wahusika wahubiri, mlevi anaokoka ukurasa wa mwisho. Nimesoma miswada mizuri ikiharibika hivyo katika rasimu ya mwisho, na iliniuma. Ukiwa katika hatua hiyo, rudi kwenye mazungumzo, mstari kwa mstari, na kila panapotokea hotuba jiulize huyu mtu anataka nini kwa aliye mbele yake. Kama hataki kitu, ifute.