Kung'oa themostati si dawa ya pikapu inayochemsha

Peleka Hilux kuukuu gereji ukisema inachemsha, na mara nyingi fundi atakwambia: "Tuing'oe themostati, kwa joto la huku haina kazi." Unatoa hela ya soda, unaondoka umefurahi. Hasara inaanzia hapo.

Themostati si pambo la nchi za baridi. Ni vali ndogo: inayabana maji ndani ya injini hadi yafike nyuzi joto 82 hivi, kisha inayaachia yaende kwenye rejeta yakapoe. Bila hiyo injini huchelewa kupata moto, hunywa mafuta zaidi na vyuma husagika upesi. Tena baadhi ya injini zina njia ya mchepuko ambayo themostati ndiyo huiziba. Ukiing'oa, maji mengine yanazunguka bila kugusa rejeta, na gari linachemsha kuliko mwanzo!

Kuipima ni bure. Itumbukize kwenye sufuria ya maji, bandika jikoni. Maji yakikaribia kuchemka, kijisahani chake kitanyanyuka chenyewe; kikigoma, nunua nyingine. Ikiwa nzima, hela yako ianzie kwenye mfuniko wa rejeta (mpira wake hukauka ukapasuka), mkanda wa feni, halafu kuzibua rejeta iliyojaa kutu kwa miaka ya kutiwa maji ya bomba.