Helmeti haipiki ubongo

Huku Pemba, ukipanda baiskeli na helmeti wakati wa kaskazi, hukosi wa kukwambia: "Utaupika ubongo huo!" Sivyo. Helmeti ya baiskeli hutengenezwa kwa povu gumu, jamii ya lile la maboksi meupe ya samaki na barafu. Povu hilo halipitishi joto upesi, kwa hiyo ukali wa jua la saa saba unaishia juu yake. Tena ina matundu: ukiteremka kuelekea bandarini Wete, upepo unaingia mbele, unakausha jasho, unatokea kisogoni. Joto utalihisi ukisimama, au ukikokota mlimani polepole. Ukishashuka kwenye baiskeli, ivue, unywe maji. Ile ya pikipiki, inayofunika uso mzima, ndiyo yenye fukuto. Nadhani wengi wanazichanganya.