Pikapu inazima asubuhi: pima haya kabla hujanunua kontroli boksi

Kuanzia Juni mpaka Agosti, lalamiko moja hurudi gerejini karibu kila wiki. "Fundi, gari likilala, asubuhi linawaka, linatetemeka, linazima. Likishapata moto halina shida mpaka jioni." Halafu mwenye gari anaongeza: "Nimeambiwa kontroli boksi imekufa." Kontroli boksi ni kompyuta inayoongoza injini, na hilo la pili ndilo linaloniuma. Boksi la mtumba linaweza kumeza faida yote ya mtu anayepakia dagaa pale Mwaloni Kirumba, na mara nyingi boksi lake ni zima kabisa.

Wengine hushangaa, Mwanza na baridi wapi na wapi? Kwa injini, baridi haianzii Makete kwenye barafu. Injini imezoea kufanya kazi kwenye nyuzijoto 80 mpaka 95. Asubuhi ya Julai inaamka ikiwa na 17 au 18, na kwake hiyo ni baridi tosha. Petroli haigeuki mvuke vizuri, sehemu yake inabaki kama matone kwenye kuta za manifoldi, yaani bomba la kupeleka hewa kwenye injini, na haifiki kwenye silinda kwa wakati. Kwa hiyo boksi linaongeza mafuta, na linapandisha sailensi, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta, mpaka mizunguko 1,200 au 1,500 kwa dakika. Maji yakipata moto linashusha taratibu mpaka 700 hivi. Gari linalozima asubuhi tu mara nyingi limekosa kimoja kati ya hivyo viwili, mafuta ya nyongeza au hewa ya nyongeza. Kazi ya fundi ni kujua kimekosekana kipi na kwa nini.

Boksi linajua injini ni baridi kwa kuambiwa na sensa ya joto la maji. Sensa hiyo ina nyaya mbili, na ukinzani wake hupungua joto linavyopanda. Kwenye pikapu nyingi za Toyota, ikiwa nyuzi 20 mita itakupa kati ya omu 2,000 na 3,000, na ikifika 80 itashuka kati ya 200 na 400. Boksi linaipelekea volti 5, kisha linasoma zimebaki ngapi. Waya ukikatika, zinabaki 5 zote na boksi linasoma nyuzi 40 chini ya sifuri. Nyaya zikigusana, volti zinakwisha na boksi linasoma joto la kupindukia. Hayo mawili hayasumbui, kwa sababu taa ya cheki injini inawaka na mashine ya kusoma hitilafu inaleta namba P0118 kwa waya uliokatika au P0117 kwa nyaya zilizogusana. Kwenye magari ya zamani yasiyokubali mashine, unaunganisha pini za TE1 na E1 kwenye kile kiboksi cha chini ya boneti na kuhesabu taa inavyopepesa. Ikipepesa namba 22, ni sensa hiyohiyo.

Kinachosumbua ni sensa inayodanganya bila kuvuka mipaka. Ikisema injini ina nyuzi 50 wakati ina 18, boksi halioni kosa lolote. Linapunguza mafuta, linashusha sailensi, gari linazima. Taa haiwaki na mashine haitoi namba. Hapo ndipo fundi asiye na subira anaposema, "Sensa zote nzima, basi ni boksi."

Ndiyo maana naomba gari lilale gerejini. Najua inaudhi, mzigo unasubiri, lakini gari likiletwa saa nne limeshatoka Igoma au Kisesa likiwa la moto, na ugonjwa umeshaondoka. Asubuhi nafungua swichi bila kuwasha injini, nachomeka mashine, na siangalii namba za hitilafu kwanza. Naangalia joto la maji na joto la hewa inayoingia. Gari lililolala usiku kucha, maji na hewa vinapaswa kulingana, vikitofautiana iwe nyuzi chache tu.

Juzijuzi ililetwa pikapu ya petroli ya mfanyabiashara wa samaki. Hewa ilisoma 19, maji 47. Nilichomoa soketi ya sensa, maji yakachuruzika. Dereva alikuwa akiosha injini kwa mashine ya presha kila jioni kutoa shombo la samaki, na kampira ka soketi kalishapasuka. Maji yakikaa kati ya pini mbili yanapitisha umeme pembeni ya sensa, ukinzani unaonekana mdogo kuliko ulivyo, na boksi linadhani injini ni ya moto. Pini zikila kutu hali inageuka, ukinzani unaongezeka, boksi linadhani kuna baridi kali na linamwaga mafuta mpaka plagi zinatoka nyeusi na zimelowa. Ile pikapu nilikausha soketi, nikasugua pini, nikaweka kampira kapya. Maji yakasoma 20, ikawaka na kushika sailensi yake. Boksi alilokwisha tafutiwa halikuhitajika.

Kwenye magari mengi ya zamani kuna sensa mbili za joto. Moja, mara nyingi ya waya mmoja, ni ya geji ya kwenye dashibodi. Ya nyaya mbili ndiyo ya boksi. Watu hubadilisha ile ya geji, kisha wanasema sensa mpya haikusaidia. Na maji ya rejeta yakipungua, ncha ya sensa inabaki kwenye hewa na hata sensa nzima itatoa jibu la uongo. Fungua mfuniko wa rejeta kwanza, injini ikiwa baridi.

Niseme na la thermostati, kwa sababu linaharibu magari mengi hapa kwetu. Mafundi wanaitoa na kuitupa kwa hoja kwamba nchi yetu ni ya joto. Thermostati haikuwekwa kwa ajili ya nchi za theluji. Kazi yake ni kuzuia maji yasizunguke kwenye rejeta mpaka injini ifike joto lake la kazi. Ukiitoa, pikapu inayoteremka barabara ya Usagara na upepo wa mbele inaweza kukaa kwenye nyuzi 60 safari nzima. Boksi linaendelea kuongeza mafuta kana kwamba ni alfajiri. Mafuta yanaliwa, oili inachafuka, na namba P0125 au P0128, za injini isiyofika joto lake, inajitokeza. Kama gari lilikuwa linachemsha, tafuta kinacholichemsha. Irudishe thermostati.

Upande wa hewa sitakaa sana. Safisha throto, ule mlango wa hewa ya injini, na vali ya sailensi, masizi yakijaa pale hewa ya nyongeza haipiti. Kagua mipira ya vakyumu pia, kwani ule mkavu huwa na ufa asubuhi na hujifunga ukipata moto. Ila kuna jambo moja la hapa kwetu ambalo vitabu vya ng'ambo havitakuambia. Tuko karibu mita 1,140 juu ya usawa wa bahari. Sensa ya presha ya manifoldi, swichi ikiwa wazi na injini haijawaka, hapa inasoma kama kilopaskali 88. Kitabu kimeandika 101, na nimeona sensa nzima zikitupwa kwa tofauti hiyo. Dar es Salaam 88 ni ugonjwa, Mwanza ni afya.

Kisha umeme. Betri iliyojaa ina volti 12.6, na wakati wa kupiga stata haifai kushuka chini ya 9.6. Ikishuka zaidi, boksi linaweza kujizima na kujiwasha katikati ya kazi, na hitilafu zitakazoandikwa hazitakuwa na kichwa wala miguu. Pima na ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri: ncha moja ya mita kwenye pini ya ethi ya boksi, nyingine kwenye hasi ya betri, injini ikiwaka. Ikizidi volti 0.2, kuna kutu mahali. Pikapu zinazobeba kayabo ndizo zinazoteseka zaidi, maana maji ya chumvi yanadondoka kwenye chasisi na kula kila boliti ya ethi inayokutana nayo. Na ukipeleka gari kuchomelea keria au bodi, toa waya za betri kwanza na mwambie mchomeleaji abane ethi ya mashine yake karibu na anapochoma. Yapo maboksi yaliyokufa kwa kuchomelea tu.

Kwa dizeli, sikiliza inavyozima. Ikiwaka sekunde chache halafu ikafa, mara nyingi mafuta yamerudi kwenye tangi usiku na hewa imeingia kwenye mpira. Weka kipande cha mpira unaopenya mwanga kabla ya pampu, utaziona povu. Ikisumbua kuwaka na kutoa moshi mweupe, pima plagi za moto, zile zinazopasha silinda joto kabla ya kuwaka. Kwenye zile za reli ya presha, yaani bomba moja linalolisha noseli zote, soma presha ya reli wakati wa stata kabla ya kulaumu noseli.

Sasa boksi lenyewe. Nalihukumu pale tu umeme na ethi vimefika kwenye pini zake, ishara za sensa zimefika sawa, na bado linatoa amri isiyo sahihi. Volti 5 zikikosekana usikimbilie kusema limekufa. Chomoa sensa zinazotumia volti hizo, moja baada ya nyingine. Zikirudi, sensa uliyoichomoa mwisho ndiyo iliyokuwa ikizivuta chini.

Kwa boksi linalosumbua kwenye baridi tu nina kipimo ninachokiamini sana. Gari limelala, injini baridi, natoa boksi nyuma ya droo ya dashibodi bila kulichomoa, nalipuliza kwa mashine ya saluni ya kukaushia nywele, moto mdogo, dakika chache. Injini haijaguswa, iko nyuzi 18 kama ilivyoamka. Ikiwaka na kutulia, na kesho yake bila kupuliza ikazima tena, tatizo limo ndani ya boksi: risasi ya kuunganishia iliyopasuka kwenye mguu wa kifaa, au kapasita zilizovuja, ugonjwa unaojulikana kwenye maboksi ya miaka ya mwanzo ya 1990. Mengi ya hayo fundi wa elektroniki mwenye mkono mtulivu anayaponya kwa kapasita mpya za nyuzi 105 na kurudishia risasi.

Ikibidi kununua jingine, namba iliyoandikwa juu ya boksi ifanane na ya lako herufi kwa herufi. Kwa magari yenye ufunguo wa chipu, boksi la mtumba haliutambui ufunguo wako, na gari lililokuwa linazima asubuhi halitawaka kabisa mpaka liandikishwe upya. La zamani usiliache gerejini, maana kumbukumbu ya ufunguo wako mara nyingi imo humo.