Mnyama wa maabara: deni la aliyemfunga

Kuna hadithi ya Mtume (S.A.W.) ambayo watoto wengi wa Mombasa huisikia madrasani. Mwanamke mmoja aliadhibiwa kwa sababu ya paka. Alimfungia ndani, hakumlisha wala kumnywesha, na hakumwachia akajitafutie wadudu wa ardhini, hata paka akafa. Kosa la mwanamke yule lilianzia kwenye kufunga. Paka aliye huru hujihangaikia mwenyewe, lakini ukishamfungia mlango, njaa yake na kiu yake ni deni lako.

Sijaona njia fupi kuliko hiyo ya kueleza maana ya utunzaji na matumizi yenye wajibu ya wanyama wa maabara. Mnyama wa maabara ni yule anayefugwa ili atumiwe katika utafiti, mafunzo, au upimaji wa dawa na chanjo. Walio wengi ni panya, wadogo kwa wakubwa, mara nyingi weupe wenye macho mekundu. Wapo pia sungura, simbilisi, samaki, na hapa Kenya nyani, wanaotunzwa katika taasisi ya utafiti iliyo msitu wa Oloolua, Nairobi. Hakuna hata mmoja aliyejileta. Kwa hiyo mtafiti hudaiwa mambo mawili: kwanza, athibitishe kwamba haja yake kweli haitimizwi bila mnyama, pili, akishamchukua, abebe kila kitu cha maisha yake, kuanzia maji ya kunywa hadi namna atakavyokufa.

Nikilisema hili barazani, mara nyingi najibiwa: "Lakini hao ni panya tu, mbona nyumbani twawatilia sumu?" Ni swali la haki. Panya wa darini amekuja mwenyewe kula mchele wako. Yule wa maabara amezalishwa kwa amri yako, kwenye kizimba chako, naye hana pa kukimbilia. Tofauti yao ni ile ile ya paka wa njiani na paka aliyefungiwa.

Tuchukue mfano ulio karibu nasi. Mwarobaini, kwa itikadi ya jina lake, hutibu maradhi arubaini, na wazee wengi wa Pwani wamewahi kuchemsha majani yake mtu akipata homa. Tuseme mwanafunzi wa uzamili hapa Mombasa ataka kujua kama majani hayo yanaua vimelea vya malaria. Je, aanze na panya?

Hapana. Tangu mwaka 1976, wanasayansi William Trager na James Jensen walipoonesha njia ya kuotesha vimelea vya malaria ya binadamu ndani ya chembe nyekundu za damu kwenye kisahani cha maabara, swali la kwanza laweza kujibiwa bila kumgusa mnyama. Dondoo la mwarobaini, yaani dawa iliyokamuliwa majanini mwake, likishindwa kisahanini, mambo huishia hapo. Hii ndiyo nguzo ya kwanza katika tatu zilizopendekezwa mwaka 1959 na Waingereza wawili, William Russell na Rex Burch: kutafuta mbadala. Nyingine mbili ni kupunguza idadi na kupunguza maumivu. Karibu kila kamati ya maadili ya utafiti wa wanyama duniani huuliza maswali yake kwa kufuata nguzo hizo tatu.

Lakini kisahani hakina ini wala figo, na hakimezi kitu. Hakiwezi kukwambia dawa itafika kwenye damu au itaharibiwa tumboni. Mwaka 1971 nchini China, Tu Youyou na wenzake walikuwa wakihangaika na mmea wa pakanga, majibu hayaeleweki, mpaka walipoacha kuuchemsha na kuukamua kwa kimiminika chenye joto dogo. Dondoo lile jipya lilifuta vimelea kwa panya na nyani, na mwaka uliofuata Tu akalimeza mwenyewe kabla halijapewa wagonjwa. Artemisinini iliyotoka humo imo katika dawa mseto ya malaria tunayopewa leo zahanatini. Mimi siwezi kuinywa dawa hiyo kisha nikasema panya wale walitumiwa bure. Ninachoweza kusema ni kwamba tunadaiwa.

Basi mwanafunzi wetu amefaulu kisahanini na sasa anahitaji panya. Atatumia vimelea vya Plasmodium berghei, vilivyogunduliwa Katanga, Kongo, mwaka 1948 kwa panya wa porini, na ambavyo havimwambukizi binadamu. Panya huambukizwa, hupewa dondoo kwa siku nne, kisha hutolewa tone la damu mkiani na vimelea huhesabiwa kwa hadubini. Wangapi? Akiwa na kundi lisilopewa dawa, kundi la klorokwini (dawa ya malaria inayojulikana, ya kulinganishia), na makundi matatu ya vipimo tofauti vya mwarobaini, kila kundi panya sita, jumla ni 30. Wengi hudhani wema ni kutumia wachache iwezekanavyo. Si hivyo. Akitumia wawili kwa kila kundi, tofauti atakayoiona huenda ikawa ya bahati tu, jaribio lirudiwe, na wale kumi wa mwanzo wawe wameteseka bila faida. Idadi inayofaa hupigwa hesabu kabla, pamoja na mtu anayejua takwimu, na huandikwa pamoja na sababu zake.

Kwenye maumivu ndiko kazi ilikojificha, maana hapo haitoshi kujaza fomu. Kwa miaka mingi panya alinyanyuliwa kwa kushikwa mkia. Mwaka 2010 watafiti wa Uingereza, Jane Hurst na Rebecca West, walionesha kuwa panya anayenyanyuliwa hivyo hujaa hofu, ilhali anayechotwa kwa viganja viwili au kuachwa aingie ndani ya bomba dogo la plastiki hutulia na hata humsogelea mtu. Badiliko hilo halina gharama. Mwaka huo huo ilichapishwa njia ya kusoma maumivu usoni mwa panya: macho hufinywa, masikio hurudi nyuma, pua na mashavu huvimba. Mtunzaji aliyezoea huliona hilo kabla hajafungua kizimba.

Hapa kwetu liongeze joto. Miongozo inayotumika sana hutaka chumba cha panya kiwe kati ya nyuzi 20 na 26. Mombasa mwezi wa Februari au Machi, kaskazi ikielekea kuisha, nje ni nyuzi 32 na unyevu unanata mwilini. Chumba hutegemea mashine ya kupoza hewa, na mashine hutegemea stima. Nakumbuka chumba kimoja cha wanyama ambamo stima ilipotea mchana na jenereta ikakataa kuwaka. Tuliwakuta panya wamejinyoosha juu ya maranda, kila mmoja mbali na mwenzake, wanapumua haraka haraka. Tulifungua madirisha na milango, tukazungushia vizimba vitambaa vilivyochovywa maji. Hakufa hata mmoja, lakini takwimu za siku ile ziliondolewa zote, kwa sababu mwili ulioelemewa na joto hauwezi kutoa jibu la kweli kuhusu dawa. Tangu siku hiyo siuelewi kabisa msemo kwamba huruma na sayansi ni mambo mawili mbalimbali. Mnyama mwenye hofu, kiu au maumivu hubadilika homoni na kinga yake, na anayempima anapima mateso hayo pamoja na dawa.

Kuna pia kile ninachokiita mpaka wa kusitisha. Panya wenye vimelea hivi wasipopata dawa, wengi wao hufa katika wiki chache. Zamani jaribio liliachwa liende mpaka kifo, na kifo kikaandikwa kuwa ndiyo matokeo. Siku hizi mtafiti hueleza mapema dalili zitakazomlazimu kusimama: uzito kupungua kwa kiwango kilichowekwa, ambacho mara nyingi ni asilimia 20, mwili kupoa, mnyama kushindwa kufikia chakula. Dalili ikifika, mnyama huuawa kwa njia ya haraka isiyo na uchungu, hata kama daftari bado lina kurasa tupu. Mpaka huu huandikwa kabla jaribio halijaanza, kwani mtu aliye katikati ya kazi yake daima ataona kesho moja zaidi haidhuru.

Neno "huuawa" huwasumbua watu, na si vibaya liwasumbue. Lakini wachinjaji wetu wanalijua jambo hili siku nyingi. Imeamrishwa kufanya wema katika kila kitu, hata katika kuchinja: kisu kinolewe, mnyama apumzishwe. Hakinolewi mbele ya macho yake, wala hachinjwi huku mwenzake akitazama. Maabara nayo ina makali yake ya kunoa: kipimo sahihi cha dawa ya usingizi, mkono uliofunzwa, na mtu wa kuthibitisha kwamba mnyama amekufa kweli.

Nchini Kenya, Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, hutaka kibali kwa anayefanya majaribio kwa wanyama. Kibali cha utafiti hutolewa na NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, nayo kamati ya taasisi husoma pendekezo kabla mnyama wa kwanza hajaletwa. Kamati nzuri huwa na daktari wa mifugo, na huwa na mtu asiye mtafiti kabisa. Huyo wa mwisho namthamini sana. Ndiye atakayeuliza, kwa Kiswahili cha kawaida, kama panya huyo ataumwa, na mtafiti akose pa kujificha nyuma ya istilahi.

Swali ambalo mimi ningeliongeza ni moja: nani atakuja siku ya Idi? Panya hajui Idi wala Krismasi. Chupa ya maji yaweza kuziba usiku wa kuamkia sikukuu, na kipanya hakimalizi siku nyingi bila maji. Penye wajibu, mlangoni hubandikwa karatasi yenye zamu za mwaka mzima, siku za sikukuu zikiwemo, na nambari ya simu ya daktari wa wanyama. Nimemwona mtunzaji mmoja akifika moja kwa moja kutoka kwenye swala ya Idi, kanzu bado jipya, akivua viatu na kuvaa vya ndani, kisha akizipitia chupa moja moja, akiibinya kila ncha kwa kidole aone tone.