Ukoo Uliodariziwa: Jinsi Ninavyosoma Vitambaa vya Wasichana wa New England

Kazi yangu ni kuchunguza vitambaa vya kale, na hakuna vinavyonichukulia muda mezani kama vile vya kitani ambavyo wasichana wa shule wa New England, kaskazini-mashariki mwa Marekani, walividarizi kuanzia mwishoni mwa karne ya 18 hadi miaka ya 1830 hivi. Msichana aliyekwisha kuzoea mshono wa msalaba, ambao ndio uliotumika kutia herufi za alama kwenye mashuka ya nyumbani, aliongezewa kazi nzito zaidi: kupanga kwa nyuzi za hariri majina ya wazazi wake, tarehe ya ndoa yao, na kuzaliwa kwa kila mtoto. Katika kaunti ya Middlesex, Massachusetts, wengine walichora mti, mioyo miwili ya wazazi ikiwa imeungana shinani, na kila mtoto akiwa tunda lenye jina lake.

Wazo lenyewe ni la zamani zaidi. Kitambaa cha Jane Bostocke cha mwaka 1598, kilichopo katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London, kinataja kuzaliwa kwa Alice Lee tarehe 23 Novemba 1596, siku ya Jumanne, alasiri.

Kumbukumbu hizi zilikuwa na uzito hata serikalini. Sheria ya Marekani ya mwaka 1836 ilipowaruhusu wajane zaidi wa askari wa Vita vya Mapinduzi, vile vya kupigania uhuru wa Marekani, kudai pensheni, mjane alitakiwa kuthibitisha ndoa yake, na baadhi yao waliambatisha kumbukumbu za familia, zikiwemo za kudarizi, ambazo hadi leo zimo katika majalada ya Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka, Washington.

Mimi huanza na sehemu ya vifo. Aghalabu iliachwa tupu kwa makusudi, na pale ilipojazwa baadaye, rangi ya uzi hailingani na ya awali na mkono unaonekana kuwa wa mtu mwingine. Jina likijirudia, nisidhani ni kosa, kwa kuwa mtoto aliweza kupewa jina la ndugu yake aliyetangulia kufariki.

Kisha nageukia uzi mweusi. Hariri iliyotiwa weusi kwa dawa yenye chuma huoza kabla ya nyingine, hivyo herufi hupukutika na kubaki matundu ya sindano, ambayo husomeka ukiiweka taa ubavuni. Upande wa nyuma, usiopigwa na jua, huhifadhi rangi vizuri zaidi (na waliobandika vitambaa hivi kwa gundi kwenye mbao walitunyima upande huo).

Matundu hayohayo hufichua pia ujanja: tarakimu za mwaka wa kuzaliwa zilizofumuliwa kwa makusudi. Nikikuta pengo la namna hiyo huyafuata matundu, kisha hulinganisha na vitabu vya mji, kwani miji ya Massachusetts iliandikisha vizazi tangu karne ya 17. Kwa kawaida mwaka uliofumuliwa ni wa mdarizi mwenyewe, aliyekwisha kuwa mtu mzima; ndugu zake aliwaachia umri wao kama ulivyo.